Nani alimtuma "kunirekebishia" Bahati wangu? Huyu mhariri amezidi sasa

Kalamu Moto (mleta uzi)

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, vidole vinaruka herufi, mtanivumilia.

Yule mhariri wetu kafanya tena. Simtaji. Kila aliyewahi kupeleka hadithi kwenye lile kundi anamjua, yule ambaye hata ukimpa karatasi tupu atairudisha imejaa wino mwekundu.

Nimempelekea hadithi yangu. Mhusika mkuu anaitwa Bahati. Kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho hakuna mahali nimesema Bahati ni mwanaume au mwanamke. Sikusahau! Nimelala na kuamka na zile sentensi. Mama yake anamwita "mwanangu". Mdogo wake anamwita kwa jina. Mpenzi wake ni "mwenzangu" na basi. Kazi yote iliyobaki nimeiachia herufi moja tu, A. Akaamka, akavuka barabara, akamwacha mtu amesimama. Wenzetu wanaoandika kwa Kiingereza wanavunja mgongo kutafuta kitu hicho, sisi tumezaliwa nacho mdomoni.

Leo narudishiwa faili. Sentensi yangu ilikuwa hivi: "Bahati akafunga mlango." Imeisha. Yeye kaifanya hivi:

"Bahati, akiwa mwanamume kamili, akafunga mlango."

Akiwa mwanamume kamili! Akafunga mlango! Kwani angekuwa nusu mlango ungegoma? Bawaba zingemuomba kitambulisho?

Na pembeni kaniandikia: "Nimekurekebishia 🙂"

NIMEKUREKEBISHIA.

Na msidhani ni hapo tu. Ukurasa wa kwanza Bahati anapasua kuni, kapewa "kaka Bahati". Mbele kidogo Bahati analia, ghafla "Bahati, dada wa watu, akaangua kilio". Yaani kuni zimeisha na ukaka umeisha. Kashika usukani wa lori, uanaume umerudi. Kambembeleza mtoto, tayari ni "mama huyu". Huyo mtu hajasoma hadithi, kasoma kuni, machozi, lori na mtoto, kila kimoja akakivisha suruali au gauni kadiri alivyojisikia. Kinyonga mwenyewe angechoka.

Kisha tukafika kwenye mlango.

Ule mlango ndio hadithi yenyewe, wakuu. Watu wawili wamebaki nje, mmoja anamkumbuka Bahati kama mtu mkali asiyeguswa, mwingine anamkumbuka kama mtu mpole kupita kiasi, na wote wawili wanasema ukweli. Msomaji anabaki na Bahati wa kwake. Ukishamwambia msomaji "huyu ni mwanaume", anaacha kumtazama Bahati, anaanza kutazama mwanaume na yote anayoyajua kuhusu wanaume tangu utotoni. Umemuua mtu wangu kwa maneno matatu.

Nikamuuliza kwa heshima zote, kwa nini? Jibu: "Msomaji lazima ajue." Ajue ili iweje? Mbona lugha yenyewe haina haraka hiyo? Mbu akiuma ni A. Mfalme akihutubia ni A. Jini akitoka chupani ni A. Sungura kamlaghai Fisi vizazi na vizazi na hakuna mtoto aliyewahi kumkatiza bibi aulize kama Sungura ana ndevu.

"Akiwa mwanamume kamili." Akafunga mlango. Na kale kauso kanatabasamu. Siwezi kukasahau.

Jicho la Tatu

Pole sana mkuu. Swali dogo tu: Bahati ni mwanaume au mwanamke?

Kalamu Moto

Umesoma nilichoandika?

Jicho la Tatu

Nimesoma chote. Ndiyo maana nauliza.

Chungu Tamu

🤣🤣🤣 "Bawaba zingemuomba kitambulisho." Mimi nimefunga dirisha sasa hivi bila kuwa kamili, mtaniombea.

Mzee wa Koma

Dada, punguza jazba. Mhariri alikuwa anasaidia.

Kalamu Moto

Nani kakwambia mimi ni dada?

Mzee wa Koma

Basi samahani kaka.

Kalamu Moto

Na kaka nani kakwambia??

Chungu Tamu

Mzee wa Koma ndiye mhariri mwenyewe, mkamateni! 🤣

Nahau Tupu

Mimi niko upande wa mleta uzi, lakini tusiisifie hiyo A mpaka ikavimba kichwa. Kiwakilishi chetu hakina jinsia, sawa. Ila jinsia ya Kiswahili imejificha kwingine na inakuvizia. Kwenye ndoa, mmoja anaoa na mwingine anaolewa; ukiandika "Bahati alioa", siri imetoka bila kaka wala dada. Kwenye ukoo ndiyo usiseme, shangazi, mjomba, wifi. Halafu kuna maneno yanayojifanya hayana upande. "Kijana" kwenye kamusi ni mtu yeyote mwenye umri mdogo, lakini andika "kijana mmoja alisimama pale" uone wasomaji wangapi watamwona msichana. "Jamaa" vilevile. Na nilisoma ile hadithi ulipoiweka kwa mara ya kwanza, umemwita Bahati "mtanashati". Hapo mhariri alikosaje kumwona mwanaume?

Kalamu Moto

Utanashati ni unadhifu. Mtu yeyote anayejipenda na kuvaa vizuri ni mtanashati. Kama wewe ukisikia neno "unadhifu" unaona ndevu, hayo ni ya kwako na mhariri wako. Na kuhusu ndoa: wakaoana. Wakafunga ndoa. Lugha imetoa njia, mtu anakatiza porini.

Na hata kama ningekuwa nimeandika "mtanashati" kila mstari, hiyo inahalalishaje MWANAMUME KAMILI kwenye kufunga mlango?

Jicho la Tatu

Kwa hiyo alioa au aliolewa?

Rafu ya Juu

Niongeze kitu kwa wanaodhani haya ni madogo. Ursula K. Le Guin, mwandishi wa Marekani, mwaka 1969 alitoa riwaya yenye watu wa sayari ya Gethen ambao hawana jinsia ya kudumu. Kiingereza kikambana, akawaita wote kwa kiwakilishi cha kiume. Wasomaji wakamwambia, mbona tunaona wanaume watupu? Mwaka 1976 akaandika insha kutetea uamuzi wake. Mwaka 1987 akairudia insha hiyohiyo na kuweka maelezo mapya yanayoupinga utetezi wake mwenyewe. Miaka karibu ishirini anahangaika na neno ambalo sisi hatuna!

Na Mfaransa Anne Garréta mwaka 1986 alitoa riwaya ya mapenzi ambayo hujui jinsia ya msimulizi wala ya mpenzi wake. Kifaransa hicho, ambacho hata kusema "niliondoka" kwa njia ya kawaida kinakulazimisha uonyeshe wewe ni nani. Ilibidi achague nyakati za vitenzi kwa uangalifu mkubwa ili asijikwae. Mtu kapanda mlima huo kwa miguu. Sisi tuko juu tayari, halafu anakuja mhariri anatusukuma chini na kutuambia katurekebishia.

Kalamu Moto, usikubali. Mwambie arudishe sentensi yako kama ilivyokuwa.

Kalamu Moto

ASANTE. Angalau mmoja. Rafu ya Juu, hebu fikiria Garréta amalize jasho lote hilo halafu mtu amwekee "akiwa mwanamume kamili" kwenye mlango.

Gemu Mpaka Asubuhi

Kwetu kwenye magemu vita hivi haviishi. Undertale ya mwaka 2015, wahusika Frisk na Chara hawatajwi kwa kiume wala kwa kike, wanaitwa "they", kiwakilishi cha Kiingereza kisichoonyesha jinsia, mwanzo mpaka mwisho. Ingia kwenye maoni yoyote ukute watu wanatoana roho, huyu anasema ni mvulana nimeona nywele, yule anasema msichana nimeona fulana. Fulana yenye mistari, jamani! Siku moja nilimsimulia mdogo wangu gemu lote kwa Kiswahili, mtoto alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali kuhusu mifupa inayoongea na yule mbwa, jinsia hakuuliza.

Ila mimi wanaoniudhi ni wanaotafsiri manukuu ya filamu. Kila anayevaa kofia ya chuma ni "jamaa". Anavua kofia, ni mwanamke, na manukuu yanaendelea "jamaa akasema". Tazama filamu kwanza mpaka mwisho ndipo utafsiri!

Mwana wa Fasihi

Manukuu ni afadhali. Njooni kwenye ngano zetu zikipelekwa kwa Kiingereza. Sungura anaingia mpakani akiwa Sungura, anatoka upande wa pili akiwa mwanaume. Fisi mwanaume. Simba mwanaume. Kobe naye mwanaume! Msitu mzima unabaki na wanyama wa kiume watupu, sijui walizaliwa na nani. Na mwanafunzi anayesoma tafsiri ile anaamini ndivyo mababu walivyosimulia, wakati mababu walisema "akamwambia" na kila msikilizaji akamchora Sungura wake.

Nahau Tupu

Hapo umegonga penyewe. Na mnyama akiwa mjanja ni dume, akiwa ng'ombe wa maziwa tu ndipo wanakumbuka majike yapo.

Kalamu Moto

Ndicho ninachosema! Ni kilekile, anayepasua kuni kaka, anayelia dada. Sasa turudi kwa mhariri

Mzee wa Koma

Tukiwa kwenye wahariri. Mimi huyohuyo bwana alinifutia koma zote. Zote. Sentensi ya aya nzima, mhusika anazungumza mpaka anakosa pumzi. Nikamuuliza, akasema koma zinachosha macho. Macho ya nani? Nina hasira na lile faili mpaka leo, mnaona hata jina langu humu.

Chungu Tamu

Kumbe jina lina historia 🤣 Pole mzee. Mimi alinibadilishia kila "ila" kuwa "lakini". Mhusika wangu ni kondakta wa basi, sasa anaongea kama anasoma taarifa ya habari. "Mzee sogea, lakini nauli bado."

Kalamu Moto

Jamani koma si sawa na kumpa mtu jinsia

Mzee wa Koma

Umewahi kufutiwa koma zote?

Kalamu Moto

Umewahi kuandikiwa MWANAMUME KAMILI?

Jicho la Tatu

Mkuu, nimefikiria sana. Bahati ni mwanamke. Mwanaume asingefunga mlango, angeuacha wazi.

Gemu Mpaka Asubuhi

Uongo. Mwanaume anafunga na kubamiza.

Mama Riwaya

Mnabishana jinsia na koma, mimi wanaonimaliza ni wanaochanganya R na L. "Alikura chakula, akarara." Nimeacha hadithi nzuri sana katikati kwa sababu shujaa alikuwa anakwenda kupiga "kula" ya urais. Nikabaki najiuliza anachagua au anakula.

Nahau Tupu

Na H! "Nyumba aina mlango" nilidhani ni aina ya nyumba, kumbe "nyumba haina mlango". Nilirudia aya nzima.

Mwana wa Fasihi

Na wanaoandika "xaxa" kwa "sasa". Kwenye riwaya! Watu wako kaburini, jini anatokea, anasema "xaxa utakufa". Hofu yote imeisha.

Chungu Tamu

Jini xaxa 🤣🤣🤣 nalia.

Kalamu Moto

Naomba turudi kwenye mada. Faili linatakiwa kesho, bado sijajua kama nilirudishe au nilitoe kabisa kwenye mkusanyiko wa hadithi. Nimemwandikia kwamba nataka sentensi yangu kama ilivyokuwa, maneno matatu, Bahati akafunga mlango. Kaisoma, hajajibu. Nyie mngefanyaje?

Rafu ya Juu

Litoe. Liweke humu humu jukwaani, sisi tutasoma bila kumvua mtu nguo.

Mama Riwaya

Liweke, ila uliweke LOTE. Maana humu kuna ugonjwa mkubwa kuliko wahariri, ugonjwa wa "itaendelea". Mtu anakupa sehemu sita za moto, sehemu ya saba anapotea kama kameza simu.

Mzee wa Koma

Usinikumbushe. Ile ya mapacha na sanduku la chuma. Iliishia wapi?

Gemu Mpaka Asubuhi

Sanduku lilikuwa linafunguliwa!!

Mwana wa Fasihi

Na kulikuwa na sauti ndani ya sanduku. Nimelala vibaya kwa ajili ya sanduku lile.

Mama Riwaya

Mwandishi yuko humu, namwona kijani kabisa hapo juu, anasoma. Ndugu yangu, tunakuomba. Ndani ya sanduku kuna nini?

Jicho la Tatu

Na hiyo sauti ilikuwa ya kike au ya kiume?