Mori wa wachezaji kabla ya mechi upandishwe hadi wapi?

Kocha wa vijana
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninafundisha timu ya vijana wa chini ya miaka 17, na kabla ya kila mechi tunasimama duara, tunapiga makofi na kuimba mpaka sauti zinakauka. Mabeki wakitoka hapo hukaba kwa nguvu ya ajabu. Lakini mshambuliaji wangu, ambaye mazoezini hakosi, akifika golini miguu huwa mizito, na Jumamosi iliyopita alipaisha penalti baada ya kuuweka mpira mara tatu kwa mikono inayotetemeka. Ninakosea wapi?

Mwalimu wa michezo
Kocha, kuwatia hamasa si kosa. Kosa ni kuwapa wote kipimo kimoja. Mwaka 1908 wanasaikolojia Robert Yerkes na John Dodson walionyesha kwamba panya waliopewa kazi ngumu walijifunza vizuri zaidi kwa mshtuko wa umeme wa kadiri kuliko kwa mshtuko mkali, ilhali katika kazi nyepesi mshtuko mkali uliwasaidia. Wanamichezo nao wana jambo linalofanana na hilo, kwani mnyanyua vyuma hufaidika na mori ambao ungemharibia kabisa mcheza gofu anayeusukuma mpira taratibu shimoni. Adrenalini, homoni ya msisimko, ikizidi, moyo huenda mbio, misuli hukaza na upeo wa macho hubana, hivyo mpigaji humwona golikipa peke yake asiione kona iliyo wazi.

Mfungaji wa zamani wa netiboli
Naungana na Mwalimu, ila nawasihi kijana asilaumiwe. Mwaka 2010, katika Kombe la Dunia dhidi ya Uruguay, Asamoah Gyan wa Ghana aligongesha penalti kwenye mtambaa wa panya katika dakika ya mwisho kabisa ya muda wa nyongeza, kisha muda mfupi baadaye akawatangulia wenzake wa Ghana kupiga katika mikwaju ya penalti na akafunga. Ufundi haukuwa umempotea. Mimi niliomba nisiimbe na wenzangu. Nilikaa pembeni nikivuta pumzi polepole na kuuzungusha mpira mikononi mpaka vidole viuzoee ukwaru wake.

Kocha wa vijana
Nawashukuru sana. Mechi ijayo nitamtoa duarani mapema, apige mipira kumi upande wa pili wa uwanja, mbali na kelele. Golikipa wangu, ambaye asipochangamshwa huanza mechi amepoa, nitamwacha aimbe mpaka filimbi ipulizwe.