Kumlaza usingizi mgonjwa aliye mwishoni: tiba inaishia wapi, jinai inaanzia wapi?

Muuguzi_Makete
Kamwene wadau. Naomba mwongozo wa wanaofanya tiba shufaa (ya kupunguza mateso ya mgonjwa asiyetarajiwa kupona) na wanaojua sheria. Tuseme mgonjwa ana saratani ya shingo ya kizazi, hatua ya nne, amebakiza siku chache. Anakunywa mofini ya maji miligramu 20 kila saa nne. Mchana afadhali, ila usiku anarusha mikono, anavua nguo kwenye baridi hili la huku, anapiga kelele na hatambui mtu. Ndugu wanasema "mpeni sindano alale". Daktari wa zamu anasita: akilala asiamke, si ataambiwa ameua? Mwingine anashauri mofini iongezwe tu mpaka atulie. Ni hospitali ya wilaya, mashine ya kusukuma dawa taratibu hakuna, na umeme ndio huo. Sheria inasemaje? Na kama inaruhusiwa, inafanywaje?

Tabibu_Uyole
Nianze na hilo la kuongeza mofini, maana ndipo wengi tunapokosea. Mofini ni dawa ya maumivu na ya kubanwa pumzi, si dawa ya usingizi. Ukiitumia kumlaza mtu utafika kwenye sumu kabla hajatulia.

Tena huyo mgonjwa uliyemweleza huenda sumu anayo tayari. Saratani ya shingo ya kizazi ikisambaa hubana mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Figo zikishindwa, mabaki ya mofini ambayo yangetoka kwa mkojo yanalundikana mwilini. Misuli inaanza kushtuka-shtuka, anaona vitu visivyokuwepo, akiguswa kidogo analia. Anayemtazama anadhani ni maumivu, anaongeza dozi, na kesho yake mambo yanakuwa mabaya zaidi. Funua shuka, tazama mikono na mapaja kwa dakika mbili nzima bila kumgusa. Ukiona mishtuko, punguza dozi au itoe kila saa sita au nane badala ya nne, na mpe haloperidoli, dawa ya kutuliza kuchanganyikiwa, miligramu 1 hadi 2.5 chini ya ngozi.

Kisha papasa chini ya kitovu. Kibofu kilichojaa kinamchanganya mtu kuliko uvimbe wenyewe, na mpira wa mkojo unamtuliza ndani ya dakika kumi. Pima choo kilichokwama kwa kidole. Angalia sukari, joto, kipimo cha malaria, oksijeni. Haya yote yanafanyika wodini bila kumsafirisha mtu kwenda Mbeya.

Yakishafanyika na bado anateseka, na kifo kinatarajiwa ndani ya saa au siku, hapo ndipo usingizi unaruhusiwa kitabibu. Mwongozo wa Uholanzi unaruhusu usingizi usiokatizwa kwa anayetarajiwa kufa ndani ya wiki mbili tu, kwa sababu ukianza mapema zaidi ya hapo, kukosa maji kunaweza kumwondoa kabla ya ugonjwa.

Dawa ni midazolamu. Weka sindano ya kipepeo chini ya ngozi, juu ya kifua au sehemu ya juu ya mkono, ibandike vizuri. Anza na miligramu 2.5, subiri dakika 20, mtazame. Hajatulia, rudia. Dozi iliyomtuliza ndiyo inayotolewa kila saa nne, pamoja na ruhusa iliyoandikwa ya dozi ya ziada. Wenye mashine huanza na miligramu 0.5 hadi 1 kwa saa. Ukikaribia miligramu 30 kwa siku bila nafuu, usiongeze kwa mazoea. Rudi kutafuta chanzo, na kama hujampa haloperidoli, mpe.

Lengo ni utulivu, hatutafuti kumzimisha. Akitulia huku akiitwa anafumbua macho, simama hapo hapo. Pima kila dakika 20 mpaka atulie, halafu angalau mara tatu kwa siku: uso, pumzi, kama anakunja paji la uso akigeuzwa. Presha achana nayo, haitakwambia chochote. Mofini haikatwi eti kwa sababu amelala. Ihamishie kwenye sindano kwa nusu ya dozi ya mdomo, yaani 20 za kunywa ziwe 10 chini ya ngozi, na chini ya hapo kama figo ni mbovu.

Wakili_Gangilonga
Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, haina kifungu kinachotaja usingizi wa aina hii. Kwa hiyo daktari anapimwa kwa vifungu vya kawaida vya mauaji, na hivyo ni vikali kuliko wengi wanavyodhani.

Kifungu cha 203 kinahesabu kuwa umesababisha kifo hata kama umekiharakisha tu kwa mtu ambaye ugonjwa ungemuua. Hivyo hoja ya "angekufa tu" haina kazi mahakamani. Kifungu cha 200 kinachoeleza dhamira ovu hakiishii kwenye kukusudia kuua. Kinataja pia kujua kwamba tendo lako huenda likasababisha kifo, hata kama moyoni ulitamani kisitokee. Madaktari hupenda kusema "nia yangu ilikuwa kumpunguzia mateso". Kwetu nia njema peke yake haitoshi, lazima dozi yenyewe ionyeshe kwamba kifo hakikuwa matokeo ya kutegemewa. Kifungu cha 230 kinamlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema na ustadi, ila kinasema upasuaji; kukivuta kifunike sindano ya midazolamu ni hoja ya kwenda kubishaniwa. Ridhaa ya mgonjwa ya kuuawa haimwondolei mtu hatia, na kumsaidia mtu kujiua, kifungu cha 216, adhabu yake inafika kifungo cha maisha.

Upande wa utetezi kuna kesi ya Uingereza ya 1957, ya Dk. John Bodkin Adams, aliyeshtakiwa kumuua mgonjwa wake. Jaji Devlin aliliambia jopo la raia walioamua kesi kwamba daktari ana haki ya kufanya yote yanayofaa na ya lazima kuondoa maumivu, hata kama njia hizo zitafupisha maisha kidogo bila kukusudiwa. Adams aliachiwa. Hukumu ya namna hiyo hapa inashawishi tu, haimfungi jaji wetu. Kuna pia ushahidi wa kitaalamu: utafiti wa Maltoni na wenzake huko Italia, 2009, ulikuta waliolazwa usingizi waliishi kwa wastani siku 12 na wasiolazwa siku 9. Yaani dawa ikitolewa kwa kipimo haionekani kuharakisha kifo, na hapo kifungu cha 203 kinakosa pa kushika.

Ndiyo maana faili ndilo wakili wenu wa kwanza. Liandike: dalili gani, nini kilijaribiwa na saa ngapi, nani walikubaliana (wawe angalau wawili, daktari na muuguzi), mgonjwa alisema nini alipokuwa na akili timamu, ndugu waliambiwa nini, dozi ya kwanza, hali baada ya dakika 20, dozi ya pili. Ngazi hiyo ya 2.5, halafu 2.5, halafu 5 inamweleza jaji kitu ambacho kiapo hakiwezi. Dozi moja kubwa isiyo na maelezo nayo inaeleza chake. Na ndugu akisema "mmalizieni tu", yaandike maneno yake kama yalivyo pamoja na jibu mlilompa.

Mfamasia_Mafinga
Nyongeza ya stoo. Ampuli za midazolamu zinafanana kwa sura lakini nguvu si moja: kuna ya miligramu 5 katika mililita 5, na ya miligramu 15 katika mililita 3. Mililita moja ya hii ya pili ina mara tano ya ile ya kwanza. Agizo liandikwe kwa miligramu, kamwe lisiandikwe "mililita moja" au "ampuli moja".

Midazolamu ikiisha watu hukimbilia diazepamu. Msiichome chini ya ngozi, inaunguza na kufyonzwa hovyo, na msiichanganye na dawa nyingine kwenye bomba moja kwa sababu inaganda. Njia yake ni ya haja kubwa: miligramu 10 kwa bomba lisilo na sindano. Fenobabito, nayo ya kulaza, ipo karibu kila hospitali, ila inakaa mwilini siku kadhaa. Ukishaitoa huwezi kumwamsha mtu kesho aage watoto.

Muuguzi_Makete
Asanteni sana. Mawili yamebaki. Akilala, dripu na uji tufanyeje? Na ndugu wanataka kumrudisha kijijini angali hai, maana kusafirisha maiti gharama yake mnaijua.

Mchungaji_wa_Wodini
Kabla ya hayo mawili, nyongeza yangu ni fupi. Huku kwetu familia nyingi ni Wakatoliki, Walutheri au Wamoraviani, na hofu yao kubwa ni kwamba mgonjwa atakufa bila kusali. Papa Pius wa 12 alilijibu mwaka 1957 alipozungumza na madaktari wa usingizi: dawa inaruhusiwa hata ikipunguza fahamu, kama mgonjwa ameshatimiza wajibu wake wa dini na wa familia. Basi niiteni kabla ya sindano ya kwanza. Mkiniita baada ya ya tatu, najikuta naongea na ndugu tu.

Tabibu_Uyole
Uji hapana, utaingia kwenye mapafu. Lowesha midomo kwa pamba kila saa moja, mwachie ndugu kazi hiyo. Dripu ni uamuzi wa pekee, usifungwe pamoja na wa usingizi: kama alikuwa hamezi tena, haimwongezei kitu na mara nyingi huongeza makohozi kooni. Kama alikuwa anakunywa vizuri jana, jiulize upya kama kweli ni wa kulazwa.

Safari: usimsafirishe akiwa amelazwa. Kwenye kiti cha gari ndogo shingo inapinda, ulimi unarudi nyuma, na kwenye kona za kushuka Matamba hakuna wa kumgeuza. Wakitaka kwenda, waende kabla ya kuanza, awe ametulizwa maumivu tu, alale ubavu kwenye godoro, mtu mmoja akae kichwani pake. Mofini ya maji waondoke nayo, na dozi iandikwe juu ya chupa kwa mililita za bomba mlilowapa, maana kijiko cha chai cha nyumba moja si sawa na cha nyumba ya pili.

Mfamasia_Mafinga
Na ile ampuli iliyofunguliwa ikatumika nusu: mwageni iliyobaki mbele ya shahidi, wote wawili msaini daftari saa ile ile. Msingoje mwisho wa zamu.