Ghorofa linakuja, baraza tuiweke wapi?

MtotoWaNarungombe: Shikamooni wakubwa. Nyumba ya marehemu baba, Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe, inabomolewa. Ni ile ya Kiswahili: vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma, baraza ya saruji mbele. Baba mdogo na shangazi wameshaelewana na mjenzi, na chini zote zitakuwa fremu za maduka.

Nilimwomba mchoraji aache baraza, japo ya futi tatu. Akacheka: "Fremu inalipa kodi. Baraza inalipa nini?"

Sikuwa na jibu. Lakini pale chumba cha kwanza alipanga Mmanyema, cha nne Mnyamwezi fundi viatu, sisi wenyewe Wazaramo, na wote tulizoeana barazani. Alfajiri muuza kahawa akigonga vikombe, wazee wanatoka wamevaa misuli yao. Siku ya msiba wa baba, yule Mnyamwezi alijilaza mlangoni, jeneza halitoki mpaka watani zake tumlipe. Tulilia huku tunacheka. Sasa utani ule ukafanyiwe kwenye lifti?

Kuna aliyejenga akabakiza baraza?

KeteYaBao: Sisi tuliiacha, Ilala hapo. Wiki haikuisha, wamachinga wakapanga viatu vya mtumba juu yake. Siwalaumu. Wazee wa bao walishahamia Mbagala na Chanika, nani angewaambia "hapa pana watu"? Kwanza uliza nani atakaa, ndugu yangu.

Mvita_wa_Unguja: Huku Mji Mkongwe baraza imeungana na ukuta wa nyumba, na masika maji yakijaa kichochoroni tulipita juu yake bila kulowa. Mji umo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, kwa hiyo kuvunja si rahisi. Ila jirani yetu nyumba imekuwa hoteli, baraza imepangwa vyungu vya maua kutoka pembe hadi pembe. Ipo, haikaliki.

BintiGerezani: Kaka, umesema baraza mara ngapi, na uani mara moja! Barazani walikaa baba zenu. Sisi tulikuwa uani: kisima, jiko la mkaa, kusukana, na habari zote za mtaa zilianzia hapo. Pilau ya arobaini ya baba yako ilipikwa wapi? Mwambie mchoraji akuachie paa liwe wazi, na bomba la maji, na ngazi pana ya kupitisha sufuria kubwa. Lifti haipitishi sufuria.

MtotoWaNarungombe: Dada, umenipiga pabaya. Sufuria la mama lipo kwa shangazi, kipenyo sikijui. Kesho naenda kulipima kabla sijarudi kwa mchoraji.