Mrejesho: pesa ya programu ya ramani imerudi

Wakuu, niliuliza kama naweza kurudishiwa pesa ya usajili wa programu ya ramani uliojikata pesa wenyewe baada ya muda wa majaribio kuisha, na kama GPS ya simu itazimika nikiusitisha.

Pesa imerudi. Niliomba kwenye duka la programu lililonikata, maana wenye programu walinizungusha tu. Na kufuta programu hakusitishi usajili, jamani!

GPS inadunda kama kawaida. Setilaiti zake, kama kilomita 20,200 juu, zinatangaza muda na mahali zilipo bure. Simu inasikiliza tu. Umbali unapatikana kwa muda ambao mawimbi yametumia kufika. Zinahitajika setilaiti nne, kwa sababu saa ya simu si ya atomiki (yaani sahihi mno) kama zao, lazima irekebishwe. Nilichokuwa nalipia ni ramani na taarifa za foleni.