Wenye mgahawa ule wa Masaki, vocha niliilipia, sikuiokota

Baba Nasra ameanzisha uzi:

Wakuu, nawasalimu nyote, ingawa leo sina moyo wa salamu ndefu. Naandika haya nikiwa ndani ya gari, nje ya mgahawa wenyewe, mama mkwe wangu yuko kiti cha nyuma amenyamaza, na nina hakika anapiga upya hesabu za mahari.

Sitautaja mgahawa huo kwa sababu hakuna asiyeujua. Ni ule wa Masaki, Dar es Salaam, wenye taa nyekundu mlangoni, ambao orodha yake ya vyakula inaanzia China, inapita Thailand, inagusa Japani na kuishia kwenye chipsi mayai kwa ajili ya watoto. Vocha niliinunua kwa wakala yule yule ambaye matangazo yake huingia kwenye simu zenu alfajiri, kabla wazazi wenu hawajawajulia hali. Nilituma shilingi 30,000, nikapata vocha ya chakula cha shilingi 60,000, nikaenda kuichapisha kwa rangi pale stesheneri kwa sababu masharti yalidai nakala ya karatasi. Masharti niliyasoma yote: isiwe Ijumaa, isiwe Jumamosi, isiwe sikukuu, vinywaji havimo, meza moja vocha moja, na mteja apige simu kabla ya kwenda. Nilipiga simu. Leo ni Jumanne.

Tulipofika tulikaribishwa kwa bashasha na kukalishwa dirishani, mama mkwe akatazamana na bahari. Nilipotamka tu kwamba nina vocha, bashasha ikakatika, na sisi tukahamishiwa meza iliyo kati ya mlango wa choo na jenereta. Hilo nililivumilia. Tukaletewa orodha ya karatasi moja iliyopigwa plastiki, ilhali meza ya jirani walipewa kitabu kizima chenye picha. Hilo nalo nililivumilia.

Kisha akaja meneja. Ndugu zangu, yule bwana aliichukua vocha yangu kwa ncha za vidole viwili, akainyanyua hadi kwenye taa iliyoning'inia juu ya meza yetu, akaipindua, akaitazama upande wa pili, kama mwenye duka la jumla anavyokagua noti ya elfu kumi iliyotoka kwa mtu asiyemfahamu. Alifanya hivyo mbele ya mama mkwe, aliyetoka Tanga kuja kutibiwa macho, akapewa miwani mipya wiki hii hii, na jambo la kwanza aliloliona mjini kwa ukamilifu ni mkwewe akikaguliwa kwenye taa. Mama mkwe akaniinamia na kuniuliza taratibu, "Baba Nasra, karatasi hiyo umeitoa wapi?"

Chakula nitakieleza kwa kifupi kwa sababu nacho kilikuwa kifupi. Supu ya tom yam ilikuwa maji ya moto ambayo mchaichai ulipita karibu yake, na ndani yake waliogelea kamba watatu waliodhoofu kiasi kwamba nilitamani kuwachangia. Tambi za kukaanga zilienea sahani kwa sababu zilitandazwa moja moja. Nyama ya ng'ombe ile inayoletwa kwenye sahani ya chuma, ambayo kwenye meza za wenzetu ilifika ikichachatika na kufuka moshi hadi watu wanageuka, kwetu ilifika kimya. Sahani ya chuma ilikuwa ya baridi, nimeigusa kwa mkono wangu.

Bili ilipokuja ilikuwa na maji ya chupa, ambayo sina ugomvi nayo, pamoja na shilingi 10,800 za VAT, yaani asilimia 18 ya bei kamili ya 60,000, wakati orodha yao wenyewe imeandikwa chini kwamba bei zote zina VAT ndani yake. Nimelipa. Ningelipa hata mara mbili, mradi tu yule bwana asingeinyanyua ile karatasi. Kwa nini aitazame kwenye taa? Vocha ina namba, namba iko kwenye mashine yao, mashine iko kaunta. Taa ilihusika vipi?

Mzee wa Kisutu:

Pole sana mkuu, lakini mama mkwe hapelekwi kwa vocha. Mama mkwe hupelekwa kwa pesa taslimu, na kama hazipo hupikiwa nyumbani wali wa nazi na samaki wa kupaka, akala akashiba, akakuombea dua. Wewe umemchukua mtu wa Tanga, mahali ambapo watu wanajua kuuandaa mlo na kumkirimu mgeni, ukampeleka akale kamba watatu karibu na choo kwa nusu bei. Huyo meneja alikukagua wewe, si karatasi.

Binti Upanga:

Mgahawa huo huo! Mimi niliambiwa kwamba nafasi za wenye vocha zimejaa kwa usiku ule, na wakati naambiwa hivyo ukumbi mzima ulikuwa na mimi, mhudumu, na samaki wa kwenye tangi la vioo. Nilipouliza nafasi hizo zimejazwa na nani, nikajibiwa nisubiri nje. Nilisubiri nje hadi mlinzi akaanza kunihesabu kuwa mwenzake wa zamu. Baba Nasra, wewe angalau ulikaguliwa ukiwa ndani.

Baba Nasra:

Mzee wa Kisutu, ushauri wako nimeupokea, japokuwa umechelewa. Lakini naomba mnielewe kwamba meza sikuijali, na hata kamba sikuwajali. Alipoinyanyua mara ya kwanza nilidhani anatafuta namba. Ni ile mara ya pili, alipoipindua. Aliipindua, wakuu, akafumba jicho moja.

Mpishi Mstaafu:

Nimefanya kazi jikoni kwenye migahawa ya namna hiyo kwa miaka mingi, kwa hiyo niruhusuni niwaeleze upande wa pili. Wewe umelipa 30,000 kwa chakula cha 60,000. Wakala hakuuza vocha hiyo kwa ajili ya thawabu. Kwa kawaida hujikatia nusu ya ulicholipa, na mwenye mgahawa anabaki na 15,000 za kununulia kamba, nyama, gesi, mafuta na kumlipa mpishi. Biashara hii walioikuza ni Groupon wa Chicago, ambao ofa yao ya kwanza mwaka 2008 ilikuwa piza mbili kwa bei ya moja, na tangu hapo mgao wa nusu kwa nusu umekuwa ndio desturi ya mawakala wengi. Mwenye mgahawa hukubali hasara hiyo akitumaini kwamba mteja atarudi siku nyingine na kulipa bei kamili. Mteja naye harudi. Anahamia vocha ya mgahawa mwingine. Mhudumu anajua kwamba mwenye vocha mara nyingi hukokotoa bakshishi kwa bei aliyolipa, kama hakuisahau kabisa. Ndiyo maana bashasha hukatika mlangoni. Na jikoni, nisiwafiche, oda ya vocha huwekwa alama, na mpishi akiona alama hiyo hutumia kijiko kidogo.

Baba Nasra:

Mpishi, nakushukuru kwa hesabu nzuri, na nakubali kwamba kwa 15,000 kamba watatu ni ukarimu. Bado hujaniambia taa inaokoa shilingi ngapi.

Wakili wa Magomeni:

Tuweke hisia pembeni kidogo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha walaji katika biashara, na Tume ya Ushindani ipo kwa ajili ya malalamiko ya aina hiyo. Ikiwa orodha inasema bei zina VAT, kodi hiyo haiwezi kuongezwa tena kwenye bili, kwa sababu mlaji anakuwa ametozwa mara mbili. Swali langu kwa mleta uzi ni moja: je, ulipewa risiti ya mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, na risiti hiyo inaonyesha mauzo ya kiasi gani? Muuzaji ana wajibu wa kuitoa, na wewe mnunuzi una wajibu wa kuidai. Suala la meneja kutazama karatasi kwenye taa halina kifungu.

Mzee wa Kisutu:

Kumbe hata sheria imekosa kifungu. Mkwe wetu amekaguliwa kihalali.

Mswahili wa Muscat:

Huku Oman na nchi za Ghuba kuna mtindo mwingine, wa kitabu cha vocha kilichoanzia Dubai mwaka 2001 na sasa kimehamia kwenye simu. Unanunua sahani moja, unapata ya pili bure, mradi ile ya bure isizidi bei ya ile uliyoilipia. Hakuna karatasi ya kukagua, mhudumu anaingiza namba yake ya siri kwenye simu yako, basi. Aibu ya huku ni tofauti: mnakwenda watu watatu, na yule wa tatu asiye na jozi anajikuta analipia kila kitu kwa bei kamili huku wenzake wakila kwa kupokezana bure. Niliachwa wa tatu Ruwi, hapa hapa Muscat, kwenye mgahawa wa Kihindi, nikalipia dosa yangu na asilimia 5 ya VAT, kodi ambayo Oman ilianza kuitoza Aprili 2021, wakati shemeji zangu wananiambia chakula ni kitamu. Nasema hilo ni baya kuliko taa.

Mkaazi wa Parklands:

Nyinyi mnalalamika kwamba wahudumu wanawakimbia. Njooni Nairobi, kwenye ule ukumbi wa vibanda vya vyakula vya Kihindi tunaoujua sote, mkimbiwe kwa upande wa pili. Hujaketi bado, umezungukwa na vijana wa vibanda vyote, kila mmoja amekunyooshea orodha yake, wote wanazungumza kwa pamoja, na mmoja tayari ameshamkalisha mtoto wako kwenye meza ya kibanda chake. Nilikuwa na kuponi ya kibanda kimoja mahususi. Kila niliyemwonyesha alisema kuponi hiyo inakubalika kwake, nikala bhajia za viazi, paneer na sharubati ya miwa, na bili ilipokuja nikaambiwa kuponi ni ya jirani. Nililipa yote, pamoja na VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2, na yule jirani naye akanijia kunilaumu kwamba nimemkimbia.

Binti Upanga:

Parklands, hiyo ya mtoto kukalishwa nimeicheka hadi majirani wamegonga ukuta. Alirudishwa?

Mkaazi wa Parklands:

Alirudishwa akiwa ameshakula kulfi mbili, nazo zilikuwa kwenye bili.

Bwana Sinza:

Kuponi na vocha ni matatizo ya hiari, ndugu zangu. Mimi nina malalamiko dhidi ya bafe ya mboga ya Kihindi pale mjini, ile ambayo ukutani pameandikwa kwamba ukibakiza chakula unatozwa. Sheria hiyo naiheshimu. Lakini mhudumu wao anapita na ndoo ya dali, na kabla hujamaliza kusema "imetosha" ameshakumwagia upawa mwingine, kisha anasimama kando kukuangalia kama utamaliza. Nilimaliza. Sikuweza kupanda daladala, kondakta alisema nitakaa viti viwili.

Wakili wa Magomeni:

Bwana Sinza, kwa kesi yako naona hoja ya msingi. Huwezi kutozwa kwa kubakiza kitu ambacho hukukiomba.

Baba Nasra:

Samahani, naomba tusitoke kwenye mada. Nimeshamfikisha mama mkwe nyumbani, na amemsimulia mke wangu kisa chote, akaigiza. Alichukua risiti ya umeme wa LUKU iliyokuwa mezani, akainyanyua kwenye taa ya sebuleni, akaipindua, akafumba jicho moja. Mke wangu amecheka. Nasra amecheka. Kuna mwenye namba ya wakala anayejibu simu?

Mzee wa Kisutu:

Bwana Sinza, bafe hiyo bado wanatoa achari ya maembe bila malipo, au siku hizi nayo inatozwa? Mara ya mwisho nilitozwa chatini ya ukwaju kibakuli kidogo, nikaona dunia imekwisha.

Bwana Sinza:

Achari ni bure, chatini ya ukwaju ni bure, ila ya nazi inatozwa ukirudia. Nilibishana nao kuhusu hilo, wakaniambia nazi imepanda bei.

Mpishi Mstaafu:

Nazi kweli imepanda, hapo msiwaonee. Lakini chatini ya nazi ya bafe huchanganywa na dengu za kukaanga, na dengu hazijapanda kiasi hicho. Nusu ya kibakuli ni dengu.

Binti Upanga:

Ndiyo maana ilikuwa nzito! Mimi nilidhani ni nazi tupu, nikawasifia. Bwana Sinza, bafe hiyo ni siku gani, na watoto wanalipia nusu au kamili?

Bwana Sinza:

Ni Jumapili mchana, watoto nusu bei, na hawapokei vocha yoyote. Fika kabla ya saa saba, kwa sababu kachori huwa zinaisha mapema.