Intavyu ya skuli ya binafsi: mwalimu wa nyumbani, kituo, au nimfundishe mwenyewe?

Mama Fuoni: Asalaam alaykum jamani. Mtoto wangu kaitwa intavyu skuli ya binafsi huku Unguja, nimeambiwa wanaangalia Kiingereza na hesabu. Kuna mwalimu wa twisheni anakuja nyumbani jioni, kuna na kituo kinakusanya watoto kinawafundisha intavyu tu, au nikae nae mwenyewe. Ipi bora? Nnataka kulipa wiki hii.

Bint Chukwani: Waalaykum salaam. Dada, ana umri gani, anaingia darasa gani? Intavyu ya la kwanza na ya la tatu si kitu kimoja. Na intavyu yenyewe lini?

Mzee wa Wete: Na bei hujazitaja.

Mama Fuoni: Miaka sita, anamaliza maandalizi skuli ya serikali, Januari la kwanza inshaallah. Intavyu mwezi ujao. Kiswahili anasoma mwenyewe, Kiingereza ni rangi na kuhesabu basi. Mwalimu wa nyumbani ndo ghali zaidi.

Bint Chukwani: Basi kaa nae mwenyewe. Akuletee vijiko sita jikoni, atoe viwili, akwambie vimebaki vingapi. Aandike jina lake, avae viatu bila ya kusaidiwa. Na mzoeshe kukaa na mtu asiyemjua, maana wengi wanajua kila kitu lakini mama akiambiwa asubiri nje tu, kilio.

Baba Sumayya: Kituo mie sikishauri. Mwanangu wa pili nlimpeleka kituo kimoja, wakamkaririsha maswali kwa mpango, la kwanza jina, la pili umri, la tatu unakaa wapi, nyumbani anayamwaga yote hata hapumui sisi tunafurahi. Siku ya siku yule ticha, mama wa watu mpole kabisa, kaanza kumuuliza kwa Kiingereza nani kakuleta leo. Mtoto kataja jina lake. Kaulizwa unapenda kula nini, kataja umri. Hapo kashajua kuna kitu hakiko sawa, kainamisha kichwa akawa anakizungusha kifungo cha shati mpaka kikakatika, kakifumbata mkononi, na hakusema tena hata alipoulizwa kwa Kiswahili. Mtoto ambaye nyumbani halali kwa maswali! Njiani ananambia baba, mbona yule ticha karuka maswali? Wallahi nliumia.

Mama Fuoni: Masikini, pole yake 😢 Walimchukua?

Baba Sumayya: Hawakumchukua. Yuko serikalini na anasoma vizuri tu.

Mzee wa Wete: Ndo nnachosema siku zote. Mtoto wa miaka sita anapimwa kwa lugha ambayo haisemwi nyumbani kwao halafu anaambiwa hajui. Mpime kwa Kiswahili uone akili yake.

Ticha Mtoni: Ami, nakuheshimu, lakini hata sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 ilitaka hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia la tano. Mapema ni bora. Mama Fuoni mie nasomesha, mchukue mwalimu wa nyumbani ila usimpe karatasi ya maswali, mwambie acheze na mtoto kwa Kiingereza, wapike, wapange nguo.

Mzee wa Wete: Kuanzia la tano, mwanangu, si kabla ya la kwanza.

Bint Chukwani: Haya msigombane. Dada, chuoni kwa Kurani je? Skuli nyingi za binafsi zinatoka alasiri, wangu sasa anafika chuoni kachoka anasinzia kwenye msahafu, nnafikiri nimhamishie chuo cha baada ya magharibi.

Baba Sumayya: Hilo nalo kubwa. Wetu tukamuwekea Jumamosi na Jumapili asubuhi.

Mama Fuoni: Chuoni sijakufikiria kabisa. Baba yake anataka mwalimu wa nyumbani, mie naona nianze na hivyo vijiko leo halafu tutaangalia. Kuna anaejua gari ya skuli inayopita Fuoni, inachukua watoto saa ngapi?

Ticha Mtoni: Inategemea skuli. Ipi?