Tupeane uzoefu: neno gani la kompyuta huwaangusha wa mwaka wa kwanza?

SaibaNyamasaria
Wiki ya kuripoti imefika na foleni ya saiba imeanza. Barua ya kuitwa mkononi, ndoo na godoro kwenye boda, na maswali ni yale yale ya kila mwaka. Tuandike hapa maneno ambayo ukiyakosea yanakula pesa au alama. Za "enzi zetu" wekeni kando, toeni maelezo mtu ayafuate.

Naanza na potali. Chuo kina milango mitatu na kila mmoja una ufunguo wake: potali ya wanafunzi (karo, kusajili masomo, matokeo), Moodle (notisi, kazi na majaribio), halafu barua pepe ya chuo. Kujisajili kwenye potali si kuingia Moodle. Paswadi ya kwanza mara nyingi ni nambari ya usajili au ya kitambulisho. Ibadilishe siku hiyo hiyo, maana nambari yako imebandikwa ukutani pamoja na jina lako.

Wi-Fi ya eduroam (mtandao wa pamoja wa vyuo) nayo haitaki jina fupi. Andika anwani nzima ya barua pepe ya chuo, pamoja na @ na kila kinachofuata.

MwalimuWaSarufi
Neno ni nywila. Na kompyuta ni tarakilishi. Mnawaharibu watoto.

Njokerio_Dev
Mwalimu, ingia duka lolote Kenyatta Avenue hapa Nakuru uitishe tarakilishi. Utaonyeshwa kikokotoo.

BabaWawili_Bungoma
Wanangu, hodi. Kijana ameambiwa anunue laptopu "core i5". Ziko za elfu kumi na nane, ziko za arobaini, na zote zimeandikwa i5. Tofauti iko wapi?

fundi_Kondele
Karibu mzee. i5 ni jina la familia ya chipu, yaani ubongo wa kompyuta; peke yake ni kama kusema "Toyota". Tazama nambari inayofuata: i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-8350U ni cha nane. Windows 11 hukubali rasmi kuanzia cha nane kwenda juu kwa chipu za Intel, na Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Ndiyo sababu za kizazi cha sita zimeshuka bei ghafla.

Usiamini kibandiko. Iwashwe mbele yako, fungua Settings, System, kisha About. Pale utasoma chipu na RAM. RAM ni meza ya kufanyia kazi na diski ni kabati. Mtu akikwambia "memory ni 256" anakuuzia kabati akiita meza. Meza iwe GB 8. Kabati liwe SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka) ya GB 256, isiwe HDD ya kuzunguka, kwa sababu HDD ikidondoka kitandani ikiwa inafanya kazi huwa imekwenda na kila kitu. Windows itaandika 238 badala ya 256, hujaibiwa. Kiwanda huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1024.

Sasa betri, maana ndipo wanapopiga watu. Fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), andika powercfg /batteryreport kisha Enter. Itakuonyesha faili ilipowekwa. Ifungue kwa kivinjari, linganisha "Design capacity" na "Full charge capacity". Ya pili ikiwa chini ya nusu ya ile ya kwanza, hiyo ni kompyuta ya mezani iliyovaa nguo za laptopu. Na ikiomba paswadi kabla nembo ya Windows haijatokea, irudishe mezani utoke. Hiyo imefungwa na mwenyewe wa kwanza.

Njokerio_Dev
Usimtishe mzee. Kizazi cha sita tia Linux Mint badala ya Windows, na LibreOffice badala ya Microsoft Office, bure, inapaa. Pesa iliyobaki anunue chakula.

fundi_Kondele
Mhadhiri akituma faili ya Access (programu ya hifadhidata ya Microsoft) utaifungua na nini, sufuria?

Njokerio_Dev
Access inafundishwa wiki ngapi? Mbili? Kuna maabara ya chuo.

fundi_Kondele
Maabara yenye mashine arobaini na darasa la mia tatu. Haya.

Msimamizi_Lurambi
Mkimaliza Linux yenu, niwaambie maneno mawili yanayoua alama kuliko betri zote za Kondele: "Save changes" na "12:00 AM".

Chukueni huyu kijana aliyefika dawati la msaada Ijumaa asubuhi, midomo imekauka. Kazi ya alama 15. Mwisho wa kuwasilisha umeandikwa "Friday, 12:00 AM". Yeye akasoma: Ijumaa, saa sita. Ijumaa ina asubuhi, ina mchana, halafu saa sita usiku ndiyo mwisho, kwa hiyo siku nzima bado ipo. Hapana. 12:00 AM ya Ijumaa ni saa sita usiku wa kuamkia Ijumaa. Alipofungua Moodle saa mbili asubuhi, mlango ulikuwa umefungwa saa nane zilizopita.

Hapo bado. Tukafungua rekodi yake, tukaikuta kazi iko ndani tangu Jumatano! Imekamilika, kurasa tisa. Juu yake pameandikwa "Draft (not submitted)". Aliburuta faili, akabonyeza "Save changes", akaona jina la faili yake limekaa pale vizuri, akafunga. Kuhifadhi si kuwasilisha. Mhadhiri akiwasha sharti la kitufe cha kuwasilisha, Moodle huiweka kazi kama rasimu mpaka mwenyewe aseme nimemaliza.

Njia kamili ni hii. "Add submission", weka faili, "Save changes". Usiondoke. Ukurasa utarudi ukiwa na "Submit assignment" chini. Bonyeza, tia alama kwenye kiapo kwamba kazi ni yako kama kipo, kisha "Continue". Usiguse kitu kingine mpaka uone "Submitted for grading". Piga picha ya skrini yenye saa ya kompyuta pembeni.

Ndani ya Moodle kuna tarehe mbili pia. "Due date" ikipita, bado unapokelewa ila unaandikwa umechelewa. "Cut-off date" ikipita, hupokelewi kabisa. Kijana wetu aligonga ya pili. Dawa yake ni mhadhiri peke yake, ambaye anaweza kumwongezea muda yeye binafsi bila kufungulia darasa zima. Anayeandika kuomba aambatishe picha ya ile rasimu ikiwa na tarehe ya faili. Inaongea kuliko "naomba msamaha mwalimu".

Na kwenye wasifu wako wa Moodle hakikisha saa za eneo ni Africa/Nairobi. Ikikaa UTC (saa ya kimataifa), kila saa unayosoma iko nyuma kwa saa tatu.

nyar_Ahero
Usiku wa kuamkia! Omera, hiyo ibandikwe kila mlango wa hosteli.

jamaa_wa_Luanda
Alijitakia. Kungoja siku ya mwisho ni ugonjwa.

Msimamizi_Lurambi
Soma tena, ndugu. Alipakia Jumatano.

jamaa_wa_Luanda
Basi asingefunga haraka.

nyar_Ahero
Huyu hashindwi.

MwalimuWaSarufi
Nakubaliana na Msimamizi, na naongeza: mhadhiri mwenye busara huandika 11:59 PM. Saa sita kasoro dakika moja, usiku wa siku yenyewe. Haina ubishi.

Karani_Maktaba
Mhadhiri akisema "ipe faili nambari yako ya usajili", mtu anaiandika na mikwaju (/) yake yote na Windows inakataa. Alama hizi haziruhusiwi kwenye jina la faili: \ / : * ? " < > |. Weka kistari badala ya mkwaju. Na uwashe viambishi vya majina ya faili: kwenye File Explorer, View, Show, "File name extensions". Bila hivyo, notisi.pdf.exe inaonekana notisi.pdf, na hiyo si notisi.

Turnitin, mfumo wa kulinganisha kazi yako na maandishi mengine: asilimia ile ni ya kufanana, si hukumu ya wizi. Nukuu na orodha ya marejeleo huhesabiwa mhadhiri asipoziondoa. Hatari kubwa ni "kupima kwanza" kwa akaunti ya rafiki. Kazi ikihifadhiwa kwenye ghala lao, siku unapowasilisha yako inafanana na yenyewe karibu yote. Sasa eleza.

SaibaNyamasaria
Na flashi mkirudi nazo kutoka saiba (hata kwangu): mkikuta folda zimegeuka njia za mkato (shortcut), msizibonyeze wala msifomati. Faili zipo, zimefichwa. Command Prompt, halafu

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

E ni herufi ya flashi yako, itazame kwanza. Faili zikitokea, futa njia za mkato, kisha pitisha kingavirusi kwenye flashi na kwenye laptopu pia, la sivyo kesho ni yale yale.

nyar_Ahero
Na bando? GB moja inaisha kabla ukurasa wa potali haujafunguka.

Njokerio_Dev
Laptopu hudhani hotspoti ya simu ni Wi-Fi ya bure, inaanza kuvuta masasisho na kupakia picha OneDrive (hifadhi ya Microsoft mtandaoni). Settings, Network & internet, Wi-Fi, ingia kwenye sifa za mtandao huo, washa "Metered connection". Rudia kwa kila hotspoti mpya. Hotspoti isipoonekana kabisa kwenye laptopu kuukuu, kwenye simu badilisha kutoka 5 GHz kwenda 2.4 GHz.

Na mnaosomea kompyuta: mkisakinisha Python (lugha ya kuandikia programu), lile sanduku dogo chini, "Add python.exe to PATH", litieni alama KABLA ya kubonyeza Install. Nusu ya "python is not recognized" inatoka hapo.

MwalimuWaSarufi
Bando, sasisho, hotspoti, "kusakinisha". Kumbe Kiswahili unacho, ukitaka.

Njokerio_Dev
Asante mwalimu. Nywila yangu ni tarakilishi123.

Karani_Maktaba
😂 Badilisha sasa hivi.

BabaWawili_Bungoma
Wanangu, niko dukani. Ni i5-8350U, RAM GB 8. Ile ripoti inasema Design 50,045, Full charge 21,300. Muuzaji amenuna.

fundi_Kondele
Hiyo ni kama asilimia 43, mzee. Akitoa bei ya betri mpya kwenye bei yake, chukua. Akikataa, toka polepole, mara nyingi huitwa mlangoni.

BabaWawili_Bungoma
Nimeitwa.